Dada watatu wa kwenye riwaya, na sisi watatu wa nyumbani



Miezi miwili kabla ya harusi ya mdogo wetu, sisi dada zake wawili ndio tulioshika daftari. Sare za vugo, nani apike pilau ya wanaume, liwa isagwe lini, somo alale chumba gani. Bibi harusi mwenyewe tukimuuliza, jibu lake moja: "Mnavyoona." Tukasema mashaAllah, mtoto ana haya.

Siku hizo hizo shoga yetu anayefanya kazi hospitali huko Muscat akaja likizo na riwaya aliyopewa na muuguzi mwenzake wa Kifilipino. Inaitwa The Key to Happily Ever After, ya mwaka 2019. Mwandishi wake, Tif Marcelo, ni Mmarekani mwenye asili ya Ufilipino, na aliwahi kuwa muuguzi katika jeshi la Marekani.

Wafilipino si wageni kwetu. Nani hamkumbuki Yna na Angelo wa The Promise? Mama zetu walikuwa wakiacha chungu jikoni kwa ajili yao. Lakini ile ilikuwa tajiri na maskini, visasi na machozi. Riwaya hii ni ya dada watatu wa nyumba ya de la Rosa, huko Alexandria, Virginia, walioachiwa na wazazi wao duka la kuandaa harusi za watu. Marisol ndiye mkubwa na anataka kila jambo lipite mkononi mwake. Janelyn ni wa kati. Pearl, kitinda mimba, anachotaka ni kuhesabiwa mtu mzima sawa na wenzake. Mapenzi yamo, na kurasa za kuruka zimo, tusidanganyane. Kilichotushika ni kwamba dada hawa kazi yao ni kusikiliza mabibi harusi, na wao kwa wao kusikilizana ni kazi.

Tukawa tunaulizana mambo ya Wafilipino na yule shoga yetu, naye anampigia muuguzi wake. Tukajua kwamba Kitagalogi mdogo hamwiti dada yake mkubwa jina tupu, humwita "ate". Mkono wa mzee huushika na kuugusisha kwenye paji la uso, kama sisi tunavyoubusu. Posa wanayo, huiita "pamamanhikan", maana yake ni kupanda ngazi, kwani wazee wa mwanamume hupanda hadi nyumbani kwa kina mwari. Na wana neno "utang na loob", deni la moyoni. Mtu akikutendea wema mkubwa, unakuwa nalo maisha, na fedha hailipi.

Wengi wao ni Wakatoliki, lakini ndugu zetu Waislamu wako Mindanao na visiwa vya Sulu, na msikiti wa Simunul huko Tawi-Tawi unahesabiwa kuanzia mwaka 1380. Visiwa, bahari na minazi kama kwetu. Jengine lililotushangaza: sheria ya nchi haina talaka, isipokuwa kwa Waislamu, ambao wana sheria yao ya ndoa tangu 1977. Dada mmoja akasema, basi wenzetu hao wana haki ya kuuliza mara kumi kabla ya kupanda ngazi. Tukacheka, tukaendelea kuhesabu sahani.

Mdogo wetu akakichukua kitabu, akakimaliza kwa siku mbili. Usiku tunachambua maua ya asumini, akasema, "Dada, Pearl ni mimi."

Tukacheka tena. Yeye hakucheka.

Mume anamtaka, alhamdulillah, hilo halikuwa na shaka. Ila siku ya posa wazee wa upande wa pili walisema baada ya harusi tu atamfuata mumewe Sohar, na sisi, kabla baba hajafungua mdomo, tukaitikia inshaAllah. Yeye amebakisha mwaka mmoja chuo. Tulimuuliza kwa nini hakusema. Akatazama chini, akamwambia mkubwa wetu, "Wewe uliacha skuli ukashona nguo ili mimi nisome. Ningekukatalia vipi?"

Mkubwa wetu akainuka akaenda uwani, akakaa huko muda mrefu.

Sote tumesomeshwa chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) ameamrisha bikira aombwe idhini, na kwamba kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Tulikipokea kimya chake kwa furaha kubwa. Hatukujiuliza kama ni kimya cha haya au cha deni. Na deni lenyewe hakuna aliyemdai, wallahi, ila labda tulilitaja taja mno, "wewe tumekusomesha sisi", kila alipochelewa kurudi nyumbani.

Kumwendea baba haikuwa rahisi. Ami alisema neno la posa likishatoka halirudi, na shangazi mpaka leo hajatusamehe kwa kuwaaibisha mbele ya watu. Baba alinyamaza, kisha akampigia simu kijana mwenyewe. Kumbe kijana alidhani haraka ya kwenda Sohar ni ya bibi harusi! Wakakubaliana nikaha ibaki tarehe ile ile, yeye amalize mwaka wake akiwa hapa Unguja, kisha amfuate mumewe, na sharti hilo likasomwa mbele ya mashahidi.

Kheri ilipita salama. Daftari sasa analo yeye, maana kuna harusi ya binamu baada ya Mfungo Mosi na amekataa katakata tumpangie rangi ya sare. Kitabu nacho hatunacho. Mara ya mwisho kimeonekana kwenye mkoba wa mama mkwe wake.