Maandishi Mekundu

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Kampala. Ninasoma Kiswahili pamoja na kompyuta, na watu huniuliza masomo hayo mawili hukutana wapi. Kwangu yalikutana usiku mmoja, nayo yote mawili yaliniaibisha.

Mwenzangu mmoja na mimi tulikuwa tunatengeneza tovuti ndogo ya msamiati wa Kiswahili kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tulitumia webpack, programu inayokusanya mafaili mengi ya JavaScript na kuyafunga kama mzigo mmoja. Programu hiyo huchukua maagizo katika faili la usanidi: ianzie wapi, kila aina ya faili ishughulikiwe vipi, na mzigo uwekwe wapi. Usiku wa kuamkia siku ya kumwonyesha mwalimu kazi yetu, iligoma. Maandishi mekundu yakatokea kwenye skrini.

Sikuyasoma. Nilimpigia simu mwenzangu saa tano usiku.

"Umegusa nini?" nikamwuliza.

"Sijagusa kitu, kaka. Maandishi yanasemaje?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba yanasema ameharibu kazi. Akakata simu.

Nilifuta vifurushi vyote vya programu nikavisakinisha upya. Kosa likabaki palepale. Saa nane usiku, nikiwa sina la kufanya tena, nilianza kuyasoma yale maandishi polepole, kama tunavyosoma ufahamu darasani. Yalisema wazi kwamba sehemu ya "module" ina neno lisilojulikana, "loaders". Kisha yakaorodhesha maneno yanayokubalika, na "rules" lilikuwemo. Chini yake yalisema kwamba "./dist", folda ya kuwekea mzigo, si njia kamili.

Sehemu hizo mbili nilikuwa nimezinakili mimi mwenyewe jioni ile kutoka katika somo la zamani. Neno "loaders" lilikuwa la toleo la 1, na toleo la 2 likaleta "rules". Sisi tulikuwa tunatumia toleo la 5, lililotoka mwaka 2020. Nilibadilisha neno moja, nikaandika njia kamili ya folda, na kazi ikapita. Dakika tano zilitosha.

Asubuhi nilimwomba radhi mwenzangu mlangoni mwa darasa. Alinitazama kwanza, kisha akasema, "Siku nyingine soma kwanza, ndipo upige simu." Tovuti ilifunguka vizuri mbele ya mwalimu, lakini mimi nilikuwa nikiwaza jambo jingine.

Kwa Kiganda husema "ekitabo kyange" bila kufikiri. Kwa Kiswahili huponyokwa na "kitabu yangu", na mtaani hakuna anayenikataza, kwa kuwa wananielewa. Mwalimu hulizungushia neno hilo wino mwekundu na kuandika pembeni kinachotakiwa. Mimi hutazama alama tu, nikaikunja karatasi na kulalamika kwamba mwalimu ni mkali. Kumbe mwalimu na kompyuta wamekuwa wakinionyesha kosa na sahihisho lake pamoja, nami sisomi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikaribia kumpoteza rafiki.

Jioni hiyo nilizitoa insha zangu za muhula mzima chini ya kitanda, nikaanza kusoma pembeni.