Gari Lililopiga Magoti

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa sana kwa habari ya nyumba, ilhali ufa waweza kuwa katika mpira wa gari kama vile katika udongo wa ukuta. Kisa cha mzee mmoja wa Jinja, nchini Uganda, chatosha kuwa ushahidi.

Mzee huyo alikuwa sajini katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi. Alipostaafu, sehemu ya kiinua mgongo chake aliinunulia gari aina ya Toyota Land Cruiser Prado la mwaka 2004, lililokwisha kutumika Japani na kuletwa kwa njia ya Mombasa. Gari hilo lilikuwa la namna ile ambayo nyuma haina springi za chuma. Mahali pake kuna mifuko miwili ya mpira iliyojazwa hewa na pampu ndogo ya umeme. Liliwapeleka wajukuu shuleni, likabeba mahindi kutoka shambani, na zaidi ya yote lilimpeleka mkewe Kampala kwa daktari wa mgongo, safari ya kilomita 80 hivi kupitia msitu wa Mabira.

Kwa miaka kadhaa mama huyo hakulalamika. Kisha akaanza kusema kwamba kila shimo la barabarani linamfika uti wa mgongo. Asubuhi gari lilionekana limepiga magoti nyuma kama ngamia anayepakiwa mzigo. Injini ikiwashwa pampu ilinguruma muda mrefu, mkia ukainuka polepole, na jioni ukashuka tena. Barabarani gari liliyumba kama mtumbwi, na breki zilipokamatwa pua yake iliinama mno.

Gereji moja ilimshauri mzee aendelee na safari zake maadamu pampu bado yafanya kazi. Ushauri huo ulikuwa wa hasara. Mfuko unaovuja huilazimisha pampu kufanya kazi bila kupumzika, na mwisho wake ni kuungua. Ndipo ufa wa mpira unapozaa gharama ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza.

Mwanawe, konstebo wa polisi, alikuja likizo akaliona gari. Akanyunyiza maji ya sabuni juu ya mifuko, na katika mikunjo ya mfuko wa kushoto povu likachemka. Akazitazama shokomzoba, akaziona zimelowa mafuta. Mtu asichanganye kazi za vitu hivi viwili. Mfuko wa hewa hubeba uzito. Shokomzoba huzuia gari lisirukeruke, kwa kuyalazimisha mafuta yaliyo ndani yake yapite katika matundu membamba. Mafuta yakivuja, tairi hudunda, na tairi lisilogusa barabara halishiki breki wala usukani.

Jioni hiyo familia ilikaa kitako. Fundi mmoja alikuwa amependekeza mifuko iondolewe kabisa na springi za chuma ziwekwe, kwa kuwa ni imara na bei yake ni nafuu. Si shauri baya kwa gari la mizigo. Dukani walikuwapo pia wauzaji wa mifuko iliyotolewa katika magari mengine yaliyochakaa, na mzee akavutwa na bei yake. Mama, ambaye ndiye aliyeshika mfuko wa fedha za nyumba, akamwambia:

"Baba watoto, unataka kuondoa mpira mzee na kuweka mpira mzee? Wa kwetu umezeeka tukiuona. Huo mwingine hatujui umezeekea wapi."

Ikakubaliwa inunuliwe mifuko mipya miwili na shokomzoba mpya mbili, kwa maana vitu hivi hubadilishwa kwa jozi ili pande zote za gari ziwe na nguvu sawa. Fedha za kuezeka jiko zikasubiri. Kazi ikaamuliwa ifanyike nyumbani.

Jumamosi asubuhi palitokea ubishi. Mzee alizoea kuliegemeza gari juu ya matofali, naye akasema kwamba jeshini alifanya hivyo mara nyingi bila madhara. Kijana akajibu kwa adabu:

"Mzee, tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Nimeazima stendi za chuma."

Mzee akanyamaza, si kwa kuridhika, bali kwa kutotaka kumvunjia mwanawe heshima mbele ya wajukuu.

Wakazima swichi ya kurekebisha kimo cha gari, ili pampu isije ikapuliza hewa wakati mikono ya watu imo ndani. Magurudumu ya mbele yakazuiwa kwa mawe, gari likainuliwa, stendi zikawekwa chini ya chesisi, na jeki nyingine ikaishika ekseli. Magurudumu ya nyuma yalipotolewa, kijana akayalaza chini ya chesisi. Mzee akauliza kwa kejeli kama matairi nayo yanahitaji kivuli.

Mpira wa hewa ulifunguliwa polepole, na hewa iliyobaki ikatoka kwa mluzi. Bolti za chini za shokomzoba zililegea kwa mafuta ya kutu, lakini nati ya juu upande wa kushoto iligoma. Mzee akashika spana, akavuta kwa nguvu zake zote. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na ardhi ya ua ilikuwa laini. Mguu wa stendi ukazama, gari likateleza kando, chesisi ikashuka juu ya tairi lililolazwa kwa kishindo kilichowatoa kuku uani.

Mzee alikuwa amechuchumaa, bega lake karibu kuingia chini ya gari. Hakuguswa. Mama akatoka jikoni mbio, akamshika mkono mumewe, akaushikilia kwa muda bila neno.

Kijana ndiye aliyesema kwanza. Akakiri kosa lake: stendi hazikupaswa kusimama juu ya udongo mtupu. Mzee akamtazama, akasema kwa sauti ya chini, "Tairi lako limepata kivuli, nami nimepata uhai. Lete mbao."

Kazi ilianza upya, stendi zikiwa juu ya mbao pana. Ekseli iliteremshwa taratibu, mipira ya breki ikichungwa isivutwe. Mifuko mikuukuu ikatoka, imepasukapasuka katika mikunjo kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Mipya iliingizwa bila kupindwa, na shokomzoba zikafungwa kwa mkono tu. Gari halikushushwa mara moja, kwa sababu mfuko usio na hewa ukibebeshwa uzito wote hukunjika vibaya ukaharibika. Magurudumu yaliporudishwa na watu wote kusogea mbali, injini iliwashwa, swichi ikafunguliwa, na gari likateremshwa kidogo kidogo huku pampu ikijaza hewa. Liliposimama kwa kimo chake, bolti za chini zikakazwa sawasawa. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, bushi hukaa zimepindika na kufa mapema.

Maji ya sabuni yakanyunyizwa tena, povu halikuonekana. Kabla ya kulala, kijana alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, akaandika. Asubuhi akapima tena. Vipimo vilikuwa vilevile.

Juma lililofuata mama alikwenda Kampala na kurudi, na katika msitu wa Mabira alipitiwa na usingizi. Mzee aliendesha bila kuwasha redio, asije akamwamsha.

Mpira uliochakaa hununuliwa dukani, hata ikiwa kwa kuchelewesha paa la jiko. Kwa hiyo mwenye gari la namna hii na alitazame kila asubuhi kabla ya kulipanda, na asiingie chini yake kwa kutegemea jeki, tofali au mazoea. Stendi za mzee sasa zaning'inia ukutani, pamoja na mbao mbili, na mjukuu hapewi spana mpaka amekwisha kuzileta.