Bei ya Moshi Huku Marangu

Husemwa sana siku hizi kwamba mtandao umemkomboa mnunuzi wa kijijini; kwamba mtu wa Marangu anaweza sasa kununua kwa bei ya Kariakoo, na mwenye duka aliyezoea kujipangia bei amepata mshindani. Madai ya namna hii hupimwa kwa hesabu. Mwezi Juni, nilipokwenda nyumbani, niliyapima kwa bidhaa moja ndogo isiyooza, isiyo na msimu, na inayosafirishika kwa urahisi: sigara ya kielektroniki, ambayo vijana huiita vepu.

Msomaji asishangae kwamba bidhaa hii imefika huku. Marangu ni lango la mlima. Watalii huja nazo mikobani, na wakishuka huwaachia wagumu waliowabebea mizigo pamoja na glovu na soksi nzito. Lakini chombo bila majimaji yake ni kipande cha plastiki tu, na hapo ndipo biashara inapoanzia.

Nilipita maduka saba, Marangu Mtoni na barabara ya kuelekea getini. Mawili yalikuwa nazo. Vepu ya kutumia na kutupa iliuzwa shilingi 35,000. Kwenye simu, muuzaji wa Dar es Salaam alikuwa na aina hiyohiyo kwa shilingi 22,000. Tofauti ni 13,000, na kwa kijana anayeishi kwa vibarua hiyo si fedha ya kudharau.

Ila bei ya kwenye simu huishia kwenye simu. Kifurushi kwa basi hadi Moshi ni 5,000. Nauli ya kushuka kukichukua na kupanda tena ni 5,000 nyingine. Makato ya kutuma pesa yakala 1,000. Jumla 33,000. Nafuu iliyobaki ni shilingi 2,000, na bado sijahesabu nusu siku iliyopotea stendi.

Hesabu inabadilika pale wanne wanapoagiza pamoja. Gharama zile 11,000 zikigawanywa kwa vyombo vinne, kila kimoja kinafika Marangu kwa 24,750. Hivyo ndivyo afanyavyo kijana mmoja wa bodaboda niliyezungumza naye: anakusanya oda, anashuka Moshi, anarudi na kuuza kwa 30,000. Mnunuzi anaokoa 5,000, yeye anabaki na 5,250. Simlaumu, ameona mwanya akauingia. Lakini tusiseme tena kwamba mtandao umemwondoa mtu wa kati. Umemleta mwingine, asiye na kizingiti, leseni wala mlango ambao afisa anaweza kuubisha.

Nikaenda kwa mama mmoja mwenye duka, ambaye namwamkia tangu nikiwa darasa la kwanza. Vepu hana, wala hazitaki. Sigara za kawaida anazo, na wateja wake wengi hununua mojamoja, shilingi 200. Pakiti ya sigara 20 za aina hiyo anaiuza 3,500. Anayenunua mojamoja hadi zifike 20 atakuwa amelipa 4,000. Maskini hulipa zaidi kwa sababu hana 3,500 kwa mkupuo. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unataka nchi zijitahidi kukomesha uuzaji huu wa mojamoja, kwa kuwa ndio unaomfikia mtoto kirahisi. Tumeridhia, na tunaendelea kuuza.

"Mama, akija mtoto mwenye sare ya shule?" nilimuuliza.

"Mwanangu, namjua mama yake. Jioni tunaonana."

Simtukuzi. Muda si mrefu baadaye nilimwona akimkabidhi mtoto sigara mbili "za babu." Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na katika kijiji hiki msimamizi wake pekee niliyemwona ni mama huyu, kwa upungufu wake wote. Muuzaji wa kwenye simu haoni sare. Anaona namba na muamala uliokamilika.

Pakiti ya mama huyo ina onyo la Kiswahili, na tangu mwaka 2019 hubeba stempu ya kodi ya kielektroniki ya TRA. Kijana wa bodaboda alinionyesha chupa ya majimaji ya vepu. Haikuwa na stempu, haikuwa na neno hata moja la Kiswahili, na lebo yake ilitaja miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya 20. Kwa hiyo mtalii wa Kijerumani aliyeacha chombo chake getini asingeweza kuuziwa kihalali chupa ile kwao. Kijana wa Marangu anaipata, na anaambiwa amepata nafuu.

Uganda ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vepu kwa sheria ya mwaka 2015. Uingereza ilizuia uuzaji wa zile za kutupa tarehe 1 Juni 2025. Sishabikii marufuku sana, maana kilichopigwa marufuku kinaweza kupanda basi lilelile. Ninachowauliza wenzangu mlio katika utumishi wa umma ni kidogo zaidi: kwa nini pakiti ya shilingi 3,500 katika duka la mama huyu inadaiwa stempu, onyo na umri wa mnunuzi, na chupa inayoshushwa stendi ya Moshi haidaiwi chochote? Katika ile nafuu ya 5,000, ni kiasi gani ni ufanisi wa biashara, na kiasi gani ni kodi na tahadhari ambazo hazikulipiwa?

Kijana wa bodaboda anashuka tena wiki ijayo. Oda zilikuwa zimefika kumi na moja, mbili kutoka kwa wanafunzi wa sekondari.