Babu wa babu yako alikuwa nani?

Ukiuliza swali hili Dar, watu watacheka na kuendelea na chai yao. Kwetu Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, swali hili linaweza kukunyima kitambulisho. Tupo mpakani jamani. Rwanda ile pale, Uganda hii hapa, na Kinyambo chetu kinasikilizana na lugha za ng'ambo. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera kusaka wahamiaji haramu, ndipo wengi walipotambua kwamba kuzaliwa mahali ni jambo moja, na kuthibitisha ni jambo lingine.

Mimi mwenyewe nilishaulizwa na afisa mmoja: "Babu yako alizaliwa wapi? Karatasi iko wapi?" Karatasi! Babu aliyezaliwa katikati ya migomba?

Wenye karatasi ni wafalme. Ukoo wa Abahinda, kuanzia Ruhinda hadi Rumanyika wa Bweranyange, orodha yake ipo. Speke na Grant walifika kwa Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, na kitabu cha Speke kikatoka 1863. Humo aliandika majina ya watawala, akachomeka na nadharia yake kwamba asili yao ni Uhabeshi. Nadharia hiyo ilileta balaa baadaye katika nchi jirani. Mwaka 1975 Israel Katoke akachapisha historia ya ufalme wa Karagwe, safari hii kwa kalamu ya mwenyeji.

Sasa sisi tusio wa ikulu tutafute wapi? Mahali pa kwanza ni parokiani na usharikani. Kitabu cha ubatizo kina jina la mtoto, wazazi na msimamizi. Pa pili ni kwenye kibanja, maana tunazika nyumbani, na makaburi yale yamepangwa kwa vizazi. Pa tatu ni kwa wazee, wanaojua ruganda na mwiko wa kila ukoo.

Tatizo ni kwamba vitabu vinaliwa na mchwa, vibanja vinauzwa na wazee wanaondoka. Halafu kuna jambo linalonikera zaidi: ukihesabiwa ukoo, unasikia wanaume tu, fulani bin fulani. Bibi zetu waliolima vibanja hivyo wanabaki kuwa "mke wa fulani".

Basi ndugu msomaji, ukienda nyumbani Krismasi hii au Idi, chukua daftari. Usimuulize bibi alizaliwa mwaka gani. Muulize kama wakati wa Uhuru, 1961, alikuwa ameshaolewa, au vita vya Idi Amin, 1978, vilimkuta na watoto wangapi. Miaka utaipata. Andika na jina la mama yake, na la mama wa mama yake. Weka nakala mbili, moja uiache kijijini. Siku afisa atakapokuuliza, utakuwa na pa kuanzia.

Haya, tuanze na wewe: unafika kizazi cha ngapi?