Simu Tatu za Saa Tatu

Kila Jumapili saa tatu usiku ulikuwa ukinipigia hunipati. Siyo kwamba nimelala, wala sikuwa kwenye mkesha. Nilikuwa chumbani, mlango nimefunga, hedifoni masikioni, nabishana na watu wazima wenzangu kuhusu nani alitunga nini, mwaka gani, huko Vienna. Cheka tu mwenzangu, hata mama yangu alicheka.

Tuko wanne. Tulikutana kwenye kwaya chuoni, enzi hizo sol-fa inaandikwa ubaoni kwa chaki na mwalimu anakuchapa kwa macho ukikosea. Mpaka leo tunaitana kwa sauti zetu. Soprano yuko Muscat, Tena yuko Mwanza, Besi yuko Toronto, na mimi Alto niko hapa hapa Dar. Mwaka 2020, corona ilipoingia na kila mtu akabaki na hofu yake, Besi akaja na wazo: tucheze chemsha bongo ya muziki wa klasiki kwa simu ya video. Sheria ni rahisi. Mmoja anauliza swali au anapiga kipande cha sekunde 15, wengine tunawahi kujibu. Ukipata, pointi 10. Ukikamatwa unachungulia intaneti, raundi nzima unakaa benchi.

Jamani, mchezo ule ni ulevi! Nilianza kusoma usiku kama nina mtihani. Nikajua kwamba Vivaldi, yule wa "Misimu Minne", alikuwa padri. Nikajua kwamba Mozart alifariki mwaka 1791 akiwa na miaka 35 tu, na ile Misa yake ya wafu hakuimaliza. Nikajua pia habari ya Fanny Mendelssohn, ambayo kila mwanamke anapaswa kuijua. Dada huyu alitunga nyimbo, lakini baadhi zikachapishwa kwa jina la kaka yake, Felix. Mwaka 1842 Felix alikwenda kumtembelea Malkia Victoria wa Uingereza. Malkia akachagua wimbo anaoupenda kwenye kitabu cha Felix, akauimba mwenyewe. Ikabidi kaka mtu akiri: huu siyo wangu, ni wa dada yangu. Soprano aliposimulia hiyo tulipiga vigelegele mpaka mtoto wangu mdogo akaamka.

Sasa nikupe upande wa pili, maana ndio ulionifanya nikae niandike.

Mume wangu anafanya kazi mgodini, Geita. Anakuja nyumbani kwa mafungu, siku chache halafu anarudi. Akitoka zamu anaoga, anakula, saa tatu ananipigia. Siku sita za wiki tunaongea vizuri tu: ada, maji, nani ana kikohozi. Siku ya saba nina mchezo. Simu ikiita naigeuza kifudifudi, najiambia nitampigia baadaye. Baadaye yenyewe ni saa tano, na yeye alfajiri saa kumi anatakiwa awe macho. Basi naacha. Jumatatu tunaongea kama hakuna kilichotokea. Hivyo hivyo, miezi.

Jumapili moja zamu ya kuuliza ilikuwa ya Tena. Akauliza: "Simfoni ipi wapigaji wanaondoka mmoja mmoja mpaka jukwaa linabaki karibu tupu?"

Hata hakumaliza. Nikaruka: "Haydn! 'Simfoni ya Kuaga', 1772!"

"Pointi 10. Tano za nyongeza, kwa nini waliondoka?"

Hilo nalo nilikuwa nalo. Haydn alikuwa kiongozi wa wanamuziki wa bwana mkubwa mmoja wa Hungaria, tuseme mtemi kwa lugha yetu, Nikolaus Esterházy. Mtemi huyu alikuwa na jumba la kifahari la kukaa majira ya joto. Mwaka ule akanogewa, hataki kurudi mjini. Wanamuziki wake walikuwa wameacha familia zao mjini Eisenstadt, na kumwambia bosi usoni haiwezekani. Ndipo Haydn akatunga simfoni ambayo mwisho wake hauna kishindo. Mpigaji mmoja anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa, anatoka. Mwingine naye hivyo hivyo. Mwishoni zinabaki fidla mbili tu, zile zile tunazozijua kwenye taarabu, zinapigwa kwa sauti ya chini kabisa. Inasimuliwa kwamba mtemi alielewa ujumbe, na kesho yake safari ya kurudi ikaanza.

Nikajibu kwa madaha: "Walikuwa wamewakumbuka wake zao!"

"Tano zako," akasema Tena.

Soprano akacheka, akachomeka: "Na wewe shoga, wa kwako yuko wapi?"

Alikuwa anatania. Wote tukacheka. Lakini nilipogeuza simu kuangalia saa, nikaona jina la mume wangu. Simu tatu ambazo sikuzipokea. Kicheko kikaniishia mdomoni.

Nikawaaga, nikampigia. Akapokea kwa sauti ya mtu aliyeshtuka usingizini: "Kuna nini? Watoto wazima?"

Hebu fikiria. Mke anampigia mume usiku, na kitu cha kwanza anachowaza ni msiba.

"Wazima. Nimekukumbuka tu."

Akanyamaza. Halafu akasema taratibu: "Jumapili ndiyo siku naichukia hapa. Wenzangu wote wako nje wanaongea na wake zao. Mimi nasikiliza simu inaita mpaka inakata. Nimefika mahali najiuliza kama kuna mtu."

"Yupo," nikamwambia. "Anaitwa Haydn."

"Wa wapi huyo?"

"Austria. Alifariki mwaka 1809."

Kimya. Kisha akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikalia. Usidhani yaliishia hapo, maana kicheko hakifuti miezi. Tulizungumza mpaka karibu saa saba, na kuna neno alisema ambalo bado ninalo: "Marafiki zako umewapangia saa. Mimi napewa masalio."

Sikuwa na jibu. Mimi ninayejua mwaka ambao kila simfoni ilitungwa!

Mchezo sikuuacha, na yeye hakutaka niuache. Anajua wale ni ndugu zangu. Tuliusogeza tu mpaka saa nne. Soprano alinuna kidogo, maana kwake Muscat inakuwa saa tano na kesho kazi, lakini nilipomweleza sababu hakubisha. Saa tatu ya Jumapili sasa ina mwenyewe.

Mwezi uliopita alikuwa likizo, akaja kukaa pembeni yangu tukicheza. Besi akapiga kipande, na kabla sijafungua mdomo mume wangu akadakia: "Haleluya! Hii tuliimba Krismasi, mimi nilikuwa besi!" Mtunzi hakumjua, wala hakujua kwamba ni Handel na ilisikika mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Tukampa pointi tano. Amezitangaza kwa majirani wote.

Mpenzi msomaji, sikuambii uache mchezo wako, uwe ni muziki, tamthilia au kikundi cha wasapu. Marafiki nao ni maisha. Ila yule mtemi wa Haydn alielewa kwa jioni moja tu, bila kuambiwa neno. Mimi mshumaa ulikuwa unazimwa mbele yangu kila Jumapili, na nilikuwa nahesabu pointi.

Samahani, ni saa tatu kasoro dakika mbili. Kuna simu naisubiri.