Nilivumilia Hadi Kiwiko Kikakataa

Tangu utotoni nasikia kwamba mvumilivu hula mbivu. Mwenzenu nilivumilia, nikaishia kukandwa na barafu.

Nilianza kurusha mkuki kidato cha pili. Wenzangu walikimbilia netiboli, mimi nikaupenda ule mkuki wa gramu 600. Tulikuwa tukisimuliwa habari za Zakayo Malekwa, Mtanzania aliyerusha kwenye Olimpiki tatu, 1980, 1984 na 1988. Nikajisemea moyoni, na mimi nitafika.

Nilipokuwa na miaka 24, nimeolewa mwaka mmoja tu, kiwiko kikaanza kuuma kwa ndani. Kocha akasema, "Wewe si mtoto, kaza!" Nikakaza. Mume wangu aliponiuliza mbona nasonga ugali kwa mkono wa kushoto, nikamjibu nimezoea tu. Usiku nageukia ukutani nikilia kimyakimya. Yeye akadhani nina mtu mwingine! Tukanuniana miezi. Nusura ndoa ivunjike kwa sababu ya kiwiko.

Siku moja mkuki ulitoka, mkono ukabaki unaning'inia. Kano la kiwiko lilikuwa limechanika. Ndipo nikamweleza mume wangu yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe ulikuwa unaumia peke yako, na mimi nipo hapa?"

Sikurusha tena. Nikawa kocha. Vijana wangu nawaonyesha video za Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza kwa kutazama YouTube kisha akawa bingwa wa dunia mwaka 2015 kwa mita 92.72. Wao wanatazama mkono. Nawaambia, tazameni miguu na kiuno, nguvu inaanzia huko. Anayetegemea mkono peke yake, kiwiko kitamdai.

Lakini kusema ni rahisi. Nilikuwa na binti mmoja hodari sana. Siku mbili kabla ya mashindano nikamwona anafunga kamba za viatu kwa mkono mmoja. "Unaumwa?" "Hapana, mwalimu." Mungu anisamehe, nilitaka kumwamini, maana ushindi wake ungekuwa wangu pia. Nikampa mkuki. Aliporusha nikaiona ile sura aliyoikunja. Naijua sura ile, ilikuwa yangu.

Nikamtoa kwenye mashindano. Alilia, na mama yake akanipigia simu kunisema hadi nikaishiwa maneno. Wiki mbili binti hakunisalimia. Wiki ya tatu akaja mwenyewe, taratibu: "Mwalimu, leo panauma kidogo." Jamani, nilifurahi kuliko siku niliyovishwa medali!

Siku hizi, kabla hatujapasha misuli, swali langu la kwanza ni moja: wapi panauma? Nyumbani nako mume wangu huniuliza hivyo hivyo, nami namjibu ukweli.

Dada yangu, uvumilivu ni mzuri, lakini usiufanye kifuniko. Panapouma, pasemee mapema.