Mkanda wa farasi haukazwi mara moja

Sisi vijana wa hapa Kiryandongo wengi tumezoea boda na baiskeli. Mambo ya farasi tumefundishwa na wenzetu wa Darfur waliofika Uganda baada ya vita ya 2023. Kwao farasi na punda ndio gari.

Wanatuambia hivi: ule mkanda unaopita chini ya tumbo ukilegea, tandiko linazunguka na mtu anaanguka. Ukikazwa mno, mnyama anabanwa, anachubuka, kesho hatembei. Na farasi ni mjanja! Ukimfunga huweza kujikaza na kutanua kifua. Akitembea kidogo tu, mkanda umeshalegea. Kwa hiyo unakaza polepole, tundu moja moja, unamtembeza, halafu unakaza tena kabla ya kupanda. Kipimo ni vidole viwili: vipite kati ya mkanda na mwili, lakini kwa kubanwa.

Wakati wa kukimbia, mama na mtoto wako juu ya tandiko, kipimo hicho ni uhai. Mnyama akipata kidonda njiani, familia nzima inabaki nyuma.

Ndugu zetu wa mashirika, kule mnakotumia punda kubeba maji au chakula, mnyama haongei. Pitisheni vidole kwanza.